Tarehe Niliyomchagulia Wacuka

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Rufaa, Mashindano ya Jimnastiki ya Vijana,
Bungoma.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni Josefati Mukhwana, mwandishi wa barua na maombi ya watu, mwenye meza katika veranda ya maduka karibu na soko la Kitale. Kusudi la maandishi haya ni kukiri kwamba barua isiyo na jina mliyoipokea mwezi wa Mei, ambayo kwayo mlimwondoa msichana Wacuka, binti wa Bi. Nyambu, katika kikundi cha Klabu ya Tausi, niliiandika mimi.

Ningeweza kulieleza jambo hili kwa barua nyingine. Lakini barua ndiyo kazi yangu, nami najua jinsi inavyopambwa. Kwa hiyo nawasilisha shajara yangu ya muhula wa pili kama ilivyo. Sikufuta neno.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu saa nane. Kocha Edinah ametangaza kikundi. Mchezo huu wa pete huchezwa na wasichana watano juu ya zulia, si wanne wala si sita. Kila mmoja ana pete yake, na katikati ya muziki huzirusha wote pamoja, kila mmoja akadaka ya mwenzake. Pete za Tausi zilikatwa kutoka bomba la plastiki la maji na kuvingirishwa utepe wa rangi, lakini zikiwa hewani hakuna ajuaye.

Phelista wangu ametajwa wa sita. Wa akiba.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Wateja wawili.

Jumanne, 13 Mei

Nilifunga meza mapema nikaenda ukumbi wa kanisa kuwatazama. Wacuka alirusha pete nyuma ya kichwa bila kugeuka, akajibiringisha, akaidaka yake kwa mguu. Wazazi wakapiga makofi. Phelista alikuwa kwenye benchi, amekumbatia masweta ya wenzake watano.

Kocha Edinah aliwaambia neno ambalo nimeliandika kwa kuwa limejengwa vizuri: "Wasichana, pete haina macho. Ukirusha vibaya, yako haianguki. Inaanguka ya mwenzako."

Kabla ya hapo, asubuhi, Gachanja, fundi viatu tuliyepakana naye verandani, alinipigia kelele mbele ya wateja: "Karani! Jana nimepita pale ukumbini. Kumbe huyu wako ndiye waziri wa masweta!"

Watu walicheka. Nyambu, aliye na cherehani yake upande wangu wa pili, hakucheka. Alisema, "Wewe Gachanja, shona viatu. Huyo mtoto atacheza, ni mambo ya wakati tu."

Nilichukia kutetewa na mama yake Wacuka kuliko nilivyochukia kuchekwa.

Ijumaa, 16 Mei

Waraka wa mashindano umebandikwa ukumbini. Kikundi cha vijana ni kwa waliozaliwa kuanzia mwaka 2010. Wa mwaka 2009 hawaruhusiwi.

Nimeusoma mara tatu. Sababu naijua.

Miaka sita iliyopita, shule zilipotaka kila mwanafunzi awe na cheti cha kuzaliwa, Nyambu alinijia na fomu. Hakuikumbuka tarehe. Kadi ya kliniki ilikuwa imepotea walipohama nyumba. Alisema, "Ilikuwa karibu na mwanzo wa mwaka, mahindi yameshaingia ghalani. Nilikuwa nauza viazi Kimilili, nikajifungulia huko kwa zahanati ya misheni. Si kitabu chao kitakuwa nayo?"

Watu waliojaa mbele ya meza yangu siku hiyo walifika hadi barabarani. Nikamwambia, "Kimilili ni mbali, mama. Tuandike tarehe moja Januari 2010. Ni tarehe safi." Wengi niliowajazia fomu walizaliwa tarehe moja Januari. Hapa kwetu jambo hilo halimshangazi mtu.

Siku moja tu nyuma ya tarehe hiyo ni mwaka 2009.

Jumanne, 20 Mei

Leo nimeandika barua kwa Kamati. Sikuitia sahihi. Nilieleza "kwa heshima isiyopungua na kwa kifua kisicho na kinyongo" kwamba cheti cha msichana Wacuka kilitolewa kwa kuchelewa. Kwamba tarehe yake ilikisiwa, haikuthibitishwa. Kwamba mama mwenyewe alipata kukiri kutoijua. Na kwamba yumkini mtoto alizaliwa mwaka 2009. Kila sentensi ilikuwa kweli. Sikusema ni nani aliyekisia.

Mwishoni niliongeza kwamba familia hiyo si ya wenyeji wa hapa. Sentensi hiyo haina kazi katika suala la umri. Nyambu alizaliwa Kitale, na mama yake alizaliwa Kitale. Mimi ndiye niliyetoka Bumula nikiwa na miaka ishirini na mbili, na sanduku la mbao.

Nilipokuwa nabandika bahasha, Nyambu aliniomba nimshikie kitambaa akate. Nilimshikia.

Jumatano, 21 Mei

Barua imekwenda Bungoma.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuna neno. Natamani iwe imepotea, na bado kila gari la Bungoma likifika naangalia nani anateremka.

Jumanne, 3 Juni

Wacuka ameondolewa "hadi umri wake utakapothibitishwa." Kocha Edinah aliwaita wasichana na wazazi ukumbini, nami nilikuwapo. Alikuwa na nakala ya barua mkononi, akaisoma yote, polepole, kama msomaji wa tangazo la msiba. Alipofika kwenye "kifua kisicho na kinyongo" aliinua macho akasema, "Mtu mwenye kifua kama hicho angekuja hapa kuniuliza."

Nilimtazama Phelista. Alikuwa akifunga kamba ya kiatu ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Wacuka hakulia. Alivua pete begani, akaiweka mbele ya Phelista, akasema, "Sasa hii ni yako. Iko na uzito upande mmoja, uizoee." Kisha akaenda kwenye benchi akakusanya masweta.

Nilipata nilichokitaka.

Ijumaa, 6 Juni

Sijui nianze vipi kuandika siku ya leo.

Saa tatu Nyambu aliacha cherehani yake akaja akaketi mbele ya meza yangu, kwenye kiti cha wateja. Aliweka mikono magotini.

"Baba Phelista, mimi sijui maneno makubwa. Wewe ndiye unajua. Niandikie hao watu wa Bungoma rufaa."

Nilimuuliza aseme nini. Swali la kijinga.

"Waambie mtoto ni wa elfu mbili na kumi. Waambie Kimilili kuna kitabu. Ile zahanati bado iko, nilisikia. Na uwaambie huyo mtu aliandika ati sisi si wa hapa, awe anakuja tumwonyeshe kaburi la nyanya yangu, ndio ajue sisi ni wa wapi."

Ningeweza kusema hapo. Gachanja alikuwa ameenda kununua gundi; tulikuwa wawili. Badala yake nilichukua kalamu, ile ile, nikaandika. Niliandika rufaa baridi ya aya mbili. Kimilili sikuitaja. Alipoiuliza nilimjibu, "Kamati haitaki hadithi ndefu, mama. Hiyo ya Kimilili nitaiulizia mimi mwenyewe."

"Utaenda?"

"Nitaenda."

Alitia alama ya kidole gumba, kwa kuwa hajui kuandika. Kisha akaona mshono wa koti langu umeachia kwapani. "Vua hiyo koti, Mzee. Huwezi andikia watu barua za serikali ukiwa umepasuka."

Sasa koti limeshonwa. Limetundikwa nyuma ya mlango nami sitaki kulivaa.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua. Sikwenda Kimilili.

Alhamisi, 12 Juni

Sikwenda.

Jumanne, 17 Juni

Rufaa imekataliwa. "Hoja zilizotolewa hazikutosha." Kamati haikukosea. Hazikutosha kwa sababu mimi nilizipunguza.

Nilimsomea Nyambu. Aliuliza, "Na kitabu cha Kimilili?"

Nikasema, "Hawakukipata."

Huu ndio uongo wa kwanza wa wazi niliomwambia Nyambu usoni. Karibu yote yaliyotangulia niliyafanya kwa maneno ya kweli, nikajidanganya kwamba kwa hiyo mimi si mwongo.

Jumamosi, 21 Juni

Phelista anadaka vibaya. Kocha hamkemei. Anasema tu, "Tena." Tena, tena, tena, mpaka saa sita.

Jumatano, 25 Juni

Mke wangu Pauline ameuliza kwa nini mtoto hasemi nami mezani. Nilijibu kwamba ni uchovu wa mazoezi. Alisema, "Uchovu haumfanyi mtu apitishe chumvi kwa mama yake ndio ikufikie wewe."

Jumamosi, 28 Juni. Bungoma

Duru ya kwanza. Timu saba, tatu zinapita. Zulia lilikuwa jipya, la rangi ya buluu, na wasichana wa Tausi walilikanyaga kwa woga kama watu waingiao sebule ya tajiri.

Dakika kumi kabla ya kuitwa, vazi la Phelista lilipasuka begani. Mavazi yote matano yalishonwa na Nyambu, na hilo lilikuwa limeshonwa kwa kipimo cha Wacuka, aliye mwembamba kuliko binti yangu. Kocha Edinah alishika kichwa. Wasichana wakaanza kulia kabla hata ya kushindwa.

Ndipo nikamwona Nyambu akipita katikati ya watu. Sikujua kwamba alikuja. Mtoto wake hachezi, alifuata nini? Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake na uzi tayari ndani yake. Akapiga magoti nyuma ya binti yangu akaanza kulishona vazi likiwa mwilini.

"Simama wima, mami. Usipumue sana, nisikudunge."

"Mama Wacuka," Phelista alisema, "si ungeacha tu."

"Niache? Watano wakitoka wanne, si wote wamekosa? Nyamaza, nimemaliza." Alikata uzi kwa meno. "Enda. Na usiangalie mikono, angalia pete."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Koti nililovaa lilikuwa lile. Wacuka alisimama kando akishika masweta matano, akanisalimu kwa adabu, "Shikamoo, Baba Phelista." Niliitikia.

Walicheza. Mbadilishano wa kwanza ulifaulu. Katika wa pili, pete aliyorushiwa Phelista ilimgonga kwenye kiganja ikaruka, ikabingirika hadi nje ya zulia, na ukumbi mzima ukaisikia ikizunguka sakafuni mpaka ikalala. Aliifuata, akairejesha, akaendelea. Alikuwa akitabasamu, kama wanavyofundishwa. Sijawahi kuona uso mgumu kuutazama kama huo.

Tausi imekuwa ya tatu. Imepita kwa tofauti isiyofika nusu alama. Fainali ni tarehe 19 Julai, papo hapo Bungoma.

Katika safari ya kurudi wasichana waliimba. Nyambu aliimba nao.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada Pauline alibaki kwenye mkutano wa akina mama. Tulirudi nyumbani mimi na Phelista. Nilimwambia, kwa kuwa kimya kilinichosha, "Jana ulijitahidi. Fainali utadaka."

Alisimama njiani.

"Nilijua siku ile Kocha aliisoma," alisema.

Nilimuuliza alijua nini. Nilijua ninachouliza.

"Kifua kisicho na kinyongo. Baba, uliniandikia hiyo nikiwa darasa la nne, nikiwa na malaria. Barua ya ruhusa. Mwalimu aliisomea darasa lote, wakanicheka wiki nzima. Nani mwingine anaandika hivyo Kitale hii?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ningekataa kucheza, wangeuliza kwa nini. Ati kwa sababu ya baba yangu?" Sasa alikuwa analia, lakini sauti haikutetemeka. "Nilikuficha. Nikivaa nguo ya Wacuka nakuficha. Nikishika pete yake nakuficha. Mama yake ananishona na mimi hapo nakuficha tu. Nimechoka, Baba. Mimi sikukuomba hii nafasi. Nilikuwa sawa na masweta."

Nimejifunza Kiswahili peke yangu, kwa kamusi isiyo na jalada na kwa matangazo ya mahakama. Nimewaandikia watu maelfu. Mtoto huyu wa miaka kumi na minne ndiye aliyenisoma sawasawa. Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele.

Jumatatu, 30 Juni

Sikufungua meza.

Jumanne, 1 Julai

Sikufungua.

Ijumaa, 4 Julai. Kimilili

Nimekwenda. Saa moja na nusu ya barabara. Hiyo ndiyo "mbali" niliyomwambia mama yule miaka sita iliyopita.

Zahanati bado ipo, nyuma ya soko. Muuguzi mzee, Bi. Edah, alinisikiliza huku akihesabu vidonge.

"Elfu mbili na kumi? Vitabu vya hiyo viko store, bana. Panya nao wamezaliwa huko, sijui kama wao wako kwa kitabu." Lakini alinyanyuka, akachukua funguo. "Wewe ni nani wa huyo mtoto?"

Swali hilo sikulitarajia. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwandikia tarehe isiyo yake."

Alitangulia mbele. "Basi kuja ushike ngazi."

Kitabu kilikuwa cha tatu kutoka chini. Kurasa zilishikana kwa unyevu. Mstari wenyewe ni huu, kwa wino wa buluu: tarehe 14 Februari 2010, saa kumi alfajiri, mama Nyambu, mkazi wa Kitale, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, wote wazima.

Tarehe kumi na nne Februari. Wacuka hakupita umri hata kwa siku moja. Tarehe ya uongo ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu, niliyoichagua kwa sababu ni safi na kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kisha nikaigeuza kuwa kosa la mtoto.

Bi. Edah alininakilia mstari huo, akapiga muhuri, akasema, "Sema huyo mama alikuwa na bidii. Kesho yake tu alishuka hapa na mtoto mgongoni, anaulizia viazi vyake."

Jumatatu, 7 Julai

Nilimwambia Nyambu. Nilimwambia akiwa kwenye cherehani, saa mbili asubuhi, kabla Gachanja hajafika. Nilisema yote: fomu, barua, rufaa, Kimilili. Niliyasema bila kupanga sentensi.

Mguu wake uliacha kukanyaga. Gurudumu liliendelea kidogo, likasimama.

"Ile ya ati sisi si wa hapa," alisema. "Hiyo pia ni yako?"

"Ni yangu."

"Hiyo nilidhani ni ya mtu hanijui."

Nilianza kuomba msamaha. Aliinua mkono.

"Usiniombe hapa. Hapa hakuna mtu amenisoma vibaya isipokuwa wewe. Walionisoma vibaya wako Bungoma. Nilikuletea shida yangu, Mukhwana, ukaiweka akiba, ukaitoa siku uliitaka." Miaka kumi na moja ameniita Baba Phelista. "Sasa andika. Na safari hii weka jina. Jina yote."

"Na Phelista?" nikauliza, bila haki.

"Phelista hana kesi na mimi. Mwambie nguo nitaipanua."

Akaanza tena kukanyaga.

Gachanja alipofika na mizaha yake alitutazama sote wawili, kisha akaketi akaanza kushona viatu.

Jumatano, 9 Julai

Nimemweleza Pauline. Amehamia kwa dada yake huko Ndalu hadi Jumapili, akasema atarudi, lakini kwanza anataka kukaa mahali ambapo hakuna karatasi. Nimemweleza pia Kocha Edinah. Alisema, "Mzee, mimi nilikuwa nakuheshimu kwa zile barua." Alitumia "nilikuwa".

Phelista amekwenda mazoezini. Aliporudi alinipitishia chumvi mwenyewe.

Alhamisi, 10 Julai

Waheshimiwa, hapa shajara inawafikia.

Naambatisha nakala ya mstari wa kitabu cha zahanati ya Kimilili, yenye muhuri, pamoja na maelezo yangu kuhusu fomu niliyoijaza. Cheti cha kuzaliwa kitarekebishwa na ofisi husika. Hilo litachukua miezi, na orodha ya fainali inafungwa Jumatatu. Kocha Edinah amethibitisha kwa sahihi yake kwamba Phelista Mukhwana yuko tayari kurudi kuwa wa akiba, na kwamba amelisema hilo mwenyewe, bila kuambiwa na mzazi.

Kuhusu mimi, anwani yangu iko hapa chini, na nitafika mbele yenu siku yoyote mtakayoniita. Msipunguze adhabu yangu kwa sababu nimekiri. Nimekiri kwa kuchelewa, baada ya mtoto mmoja kunyang'anywa nafasi na mwingine kubebeshwa siri. Lakini naomba adhabu yangu isisubiriwe ndipo haki ya Wacuka itolewe. Alizaliwa tarehe 14 Februari 2010. Anaruhusiwa na kanuni yenu wenyewe.

Naomba Kamati iamue, kabla ya Jumatatu tarehe 14 Julai saa kumi jioni, jambo hili moja: Je, Wacuka, binti wa Nyambu, atacheza tarehe 19, au hatacheza?

Josefati Wekesa Mukhwana,
Veranda ya Soko, Kitale.